Amefurahi au Tumefurahi Sisi? Namna ya Kusoma Raha ya Mgonjwa wa Demensia Asiyeongea Tena

Shangazi alipoleta kikuba, nyumba nzima tulisema bibi amefurahi. Asumini, rehani na mkadi, vimefungwa kwa uzi vile vile alivyokuwa akivifunga mwenyewe enzi zake pale Pangani. Akasogezewa puani, akatabasamu, tukarekodi kwa simu, video ikazunguka kwenye kundi la ukoo mpaka Muscat. Tangu siku hiyo ikawa sheria: kila Ijumaa kikuba.

Wiki ya tatu niliirudia ile video nikiwa peke yangu, sauti nimeizima. Tabasamu lilitoka pale shangazi alipoinama na kusema "Shikamoo mama", kikuba kikiwa bado mkononi mwake, chini. Kilipofika puani, bibi alipeleka shingo upande, akakunja ndita na kufumba macho kwa nguvu. Wiki tatu tulikuwa tukimkera mtu kwa kitu ambacho sisi ndio tuliokifurahia.

Mwongozo huu umetokana na kosa hilo, na mengine niliyoyaona baadaye nikihudumia wazee wa watu majumbani. Unamhusu mgonjwa ambaye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu na akili, imemfikisha mbali: maneno yamebaki machache au yamekwisha kabisa, analishwa, anaogeshwa, na ukimuuliza "Bibi, unapenda hiki?" hakuna jibu la kutegemea. Hata "ndiyo" yake inaweza kuwa mwangwi tu wa sauti yako. Kwa mtu kama huyo watu huleta muziki, manukato, kumkanda mikono, vitambaa laini, yote ya kuchangamsha milango ya fahamu. Ni jambo jema. Kazi iliyobaki ni kujua kipi kinampa raha kweli, kipi kinamkera, na kipi hakimgusi kabisa.

Kabla ya yote, tafuta maumivu

Mtu mwenye maumivu hawezi kukuonyesha raha, na mgonjwa wa hatua hii hawezi kukwambia kwamba jino linamuuma. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitoa kipimo kiitwacho PAINAD kwa ajili ya wagonjwa wa aina hii hasa. Kinaangalia mambo matano: pumzi, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, jumla 10. Hata usipoipata fomu yenyewe, yapitie mambo hayo matano kila unapotaka kuanza. Ukiona anapumua kwa shida, anaguna, amekunja uso, amekaza viungo au habembelezeki, acha mpango wako wa leo na utafute chanzo.

Chanzo mara nyingi ni cha kawaida. Hajapata choo siku nne. Njia ya mkojo ina maambukizi. Kisigino kimeanza kidonda cha kulalia. Halafu kuna yale yanayofunga milango yenyewe: nta imejaa masikioni, miwani imo kabatini tangu mwaka juzi, au dawa ya usiku bado inamlevya saa tatu asubuhi. Niliwahi kuhudumia mzee mmoja ambaye kila mtu alisema "hapendi tena redio". Kliniki ilimsafisha nta, na wiki hiyo hiyo kidole chake cha shahada kikaanza kupiga mdundo kwenye mkono wa kiti.

Chagua saa nzuri pia. Ameamka vizuri, ameshakula, amebadilishwa nguo, hana baridi. Epuka magharibi, kwa sababu wagonjwa wengi hutaharuki jua linapozama, na utakachokiandika saa hiyo kitakupotosha.

Uliza mikono yake ilifanya nini, si alipenda nini

Ukiwauliza watoto "mama alipenda nini", watakujibu kwa heshima: alipenda ibada, alipenda wajukuu, alipenda usafi. Ni kweli yote, ila huwezi kumwekea mapajani. Uliza maswali ya mwilini. Asubuhi alianza kushika nini? Nyumba yake ilinukia nini? Alipokuwa na huzuni alikaa wapi? Akitaka kumbembeleza mtoto alifanyaje? Nyimbo za umri wake wa miaka 10 hadi 30 zilikuwa zipi? Kumbukumbu za umri huo kwa kawaida ndizo zinazoshika sana. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 usimtafutie taarabu ya juzi iliyopendwa na binti yake.

Na usiishie kwa watoto. Watoto wanamjua mama, hawamjui msichana. Kwetu aliyetoa jambo la maana alikuwa jirani wa zamani, bibi mwenzake, aliyesema: "Huyu na miyaa yake, wewe! Tulikuwa tukikaa barazani baada ya alasiri tunasuka ukili mpaka adhana ya magharibi. Mimi mdomo unakwenda, yeye kidole gumba kinakwenda." Ukili ni utepe unaosukwa kwa miyaa, yaani majani yaliyochanwa, kisha hushonwa kuwa mkeka. Sisi wajukuu tulijua tu kwamba bibi aliuza mikeka.

Mwangalie akiwa hana kitu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoibeba kazi nzima. Huwezi kusema kitu kimembadilisha mtu kama hujui alivyokuwa kabla.

Kaa naye dakika 10 bila kumpa chochote, siku tatu tofauti, saa ile ile. Uwepo, ila usimchangamshe. Andika anachofanya: macho yanaelekea wapi, kinywa kiko wazi au kimefumba, vidole vinachezea nini, anatoa sauti gani, anasinzia mara ngapi. Utashangaa. Bibi alikuwa na mguno mfupi ambao wote tuliuita "anaridhika". Katika vipindi hivyo vitatu vya dakika 10 aliutoa mara 14, akiwa hajapewa kitu. Ilikuwa tabia yake tu, kama mwingine anavyokohoa.

Kwa kuandika natumia mtindo wa M. Powell Lawton na wenzake wa Philadelphia, uliochapishwa mwaka 1996 kutokana na kazi yao katika nyumba za wazee. Unamtazama mtu kwa dakika 10, kisha unakadiria kila hali ilidumu muda gani. Hali ninazoziandika ni tano: raha, hasira, wasiwasi au hofu, huzuni, na uchangamfu, yaani kule kuwa macho na kufuatilia kinachoendelea. Muda una ngazi tano: haikutokea, chini ya sekunde 16, sekunde 16 hadi 59, dakika 1 hadi 5, na zaidi ya dakika 5. Uzuri wake ni kwamba haukuulizi "alifurahi sana au kidogo?", swali ambalo kila mtu hulijibu kwa moyo wake. Unakuuliza muda tu.

Na uzingatie kwamba raha na uchangamfu vimetenganishwa. Mtu anaweza kukodoa macho kwa sababu kitu kimemtisha.

Mlango mmoja kwa wakati, kitu kimoja kwa siku

Zima televisheni. Waombe watoto wakacheze nje. Njoo kwa mbele, kaa chini kidogo ya usawa wa macho yake, mwite kwa jina alilolizoea, mguse mkono. Mwonyeshe kitu, kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa: tunasubiri sekunde tatu, tunaona hakuna jibu, tunaanza kutikisa na kusema "Bibi! Bibi! Tazama!" Ubongo huu unajibu taratibu. Hesabu kimoyomoyo mpaka 30 kabla hujafanya lolote.

*Mguso.* Huu ndio ninaouanza kwa karibu kila mgonjwa, na nitakaa hapa kidogo. Ngozi yenye vinyweleo, kama ya mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko, ina nyuzi za neva zinazopokea vizuri zaidi mguso wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Kiganja kina chache sana za aina hiyo. Kwa hiyo kutoka kifundo hadi kiwiko uchukue kama sekunde nane. Jaribu sasa kwenye mkono wako mwenyewe, utaona wengi tunasugua kama tunaosha sufuria. Mafuta ya nazi yapashe moto viganjani mwako kwanza, usimmwagie ya baridi. Pita mara tatu, acha, uone kama mkono unakufuata, unalegea au unajirudi. Na adabu iwepo: wako wanaume wasiotaka kushikwa na binti wasiyemjua, na wanawake ambao ukiwafunua kichwa umeshaharibu siku. Maradhi hayajawaondolea haya.

*Kusikia.* Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba za juu. Sauti nzito na ya polepole humfikia zaidi, na ngoma humfikia kuliko filimbi. Weka sauti ya kiasi, wimbo mmoja, kisha kimya. Redio inayolia kutwa haimchangamshi mtu, ni kelele tu. Kurani, kaswida au nyimbo za kanisani kama ndizo zilizokuwa maisha yake zimo humu pia, ila mimi sizikatizi katikati kwa ajili ya kupima. Nazisubiri ziishe.

*Kuona.* Mwanga uwe wa kutosha, na rangi zipishane: pindo jekundu juu ya nyeupe huonekana, buluu juu ya kijani hupotea. Lete kitu mbele ya uso, kwa umbali wa mkono, kwa kuwa pembeni mara nyingi hawaoni.

*Kunusa.* Hapa nenda kwa tahadhari. Katika ugonjwa wa Alzheimer, aina moja ya demensia, uwezo wa kunusa huharibika mapema, kwa hiyo harufu aliyoipenda miaka 60 inaweza isimfikie kabisa, au ikamfikia imepotoka. Tena harufu kali, kama dawa ya kuchua yenye mentholi, huchoma neva nyingine ya puani, si ile ya kunusa, hata kwa mtu asiyenusa. Akishituka na kufumbua macho usiandike "ameitambua". Amechomwa. Udi usiuchome chumbani kwa mwenye pumu au kifua.

*Kuonja.* Utamu ndio hubaki muda mrefu. Lakini kama anapaliwa, usimpe kitu kinywani kabla mhudumu wa afya hajakwambia ni salama. Pakaza kidogo tu kwenye mdomo wa chini. Akae wima, na abaki wima nusu saa baadaye. Karafuu, ubani na shanga zisiachwe mkononi mwa mtu anayepeleka kila kitu mdomoni.

Kuna mlango mwingine ambao shuleni hatukufundishwa: mwili kujua umekaa wapi na unakwendaje. Kiti cha kubembea, kuyumbishwa taratibu mabega kwa mabega, mto mzito kidogo mapajani. Wako wagonjwa ambao milango mitano yote imeshindwa, huu wa sita ukafunguka.

Sijataja taa za rangi na mashine za mapovu. Uholanzi, miaka ya 1970, walianzisha vyumba maalumu vya hisi walivyoviita Snoezelen, kwanza kwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, baadaye vikaletwa kwa wenye demensia. Ni vyumba vizuri. Ila matokeo ya tafiti hayalingani, na kwa maoni yangu fedha za kuvitengeneza kwetu ziende kwenye godoro la kuzuia vidonda.

Kusoma dalili, na mitego yake

Raha ya kweli hutokea sehemu zaidi ya moja kwa pamoja. Tazama macho: yanatua kwenye kitu na kurudi, mikunjo ya pembeni inajikusanya. Paji la uso linalainika. Pumzi inakuwa ndefu na ya mpango mmoja. Mabega yanashuka. Mkono unakifuata kitu kinapoondolewa, na hii kwangu ni dalili kubwa kuliko tabasamu. Sauti inabadilika kutoka ile uliyoiandika siku za mwanzo.

Kukataa nako kuna lugha yake: kugeuza shingo, kufumba macho, kukaza midomo, kusukuma, kujikunyata, kukunja ndita. Akifanya hivyo amekwambia hapana. Acha hapo hapo. Hakuna "mara moja tu tena ili tuhakikishe".

Sasa mitego, kwa sababu ndiyo iliyonifunga mimi.

Wa kwanza ni kushika. Demensia ikifika mbali, baadhi ya vitendo vya kichanga hurudi. Ukigusa kiganja, vidole vinajifunga vyenyewe. Ukigusa mdomo, unafunguka au unanyonya. Familia inasema "tazama alivyoking'ang'ania, anakipenda!" na pengine anachotaka ni kukiachia ila hawezi.

Wa pili ni uso usioonyesha kitu. Aliye na ugonjwa wa Parkinson, au demensia ya Lewy (aina ya demensia yenye dalili kama za Parkinson), misuli ya uso hukakamaa. Ndani anaweza kuwa na raha tele, usoni kama ukuta. Huyo msome pumzi, mabega na vidole.

Wa tatu ni kucheka na kulia. Baada ya kiharusi, hasa, wapo wanaoangua kicheko au kilio kisichotokana na wanachohisi. Huanza ghafla, hukatika ghafla, na kwa kawaida hutokea na kitu chochote. Machozi wakati wa wimbo nayo yasikukimbize. Tazama sehemu nyingine za mwili. Mwili ukilegea, mwache alie.

Wa nne ni utulivu. Aliyefumba macho akanyamaza inaweza kuwa amepumzika, amesinzia, au amejifunga ndani kwa sababu mambo yamemzidi. Ondoa kitu. Akifumbua macho na kutafuta, alikuwa nacho. Akishusha pumzi kama aliyetua mzigo, ulimchosha.

Je, ni kitu chenyewe au ni wewe?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo kikuba kilivyosifiwa bure kwa sababu ya shangazi. Ili kutenganisha, jaribu mambo matatu kwa siku tofauti, mtu yule yule akihudumu: kuwapo kwako bila kitu, kuwapo kwako na kitu kisicho na maana kwake, kisha kuwapo kwako na kitu chenyewe. Badilisha mpangilio, na rudia kila kimoja angalau mara tatu. Siku moja haithibitishi lolote. Huenda alilala vizuri tu.

Hili ndilo daftari la bibi, wiki tuliyojaribu ukili:

Jumatatu, saa 4 asubuhi. Amekunywa uji, hana dalili ya maumivu. Nimekaa naye tu. Raha: haikutokea. Uchangamfu: chini ya sekunde 16, mlango ulipofunguliwa.

Jumatano, saa 4. Utepe wa kitambaa cha pamba, upana sawa na ukili, umelowa maji kidogo. Vidole vimejifunga, vimekaza. Kidole gumba kimetulia. Macho dirishani. Raha: haikutokea. Baada ya dakika 2 nimemfungua vidole taratibu.

Ijumaa, saa 4. Ukili mbichi wa mkindu, miyaa imelowekwa. Vidole vimejifunga kama juzi. Nimehesabu mpaka 22, kidole gumba kikaanza kupita juu ya msuko, kulia kwenda kushoto, kikafika ukingoni, kikarudi. Macho yameshuka mkononi. Midomo imefumba, yeye ambaye kwa kawaida kinywa huwa wazi. Pumzi ndefu. Hakutabasamu hata mara moja. Raha: dakika 1 hadi 5. Nilipouvuta, mkono umenifuata.

Kama ningekuwa nasubiri tabasamu, siku hiyo ningeandika sifuri.

Jicho la pili

Umpendaye humsomi vizuri. Mwombe mtu mwingine atazame naye, kila mmoja aandike kwake bila kuongea, ndipo mlinganishe. Mkitofautiana kwenye jambo, msipige kura. Rudieni siku nyingine na mtazame sehemu moja tu ya mwili kila mmoja. Video inasaidia sana, hasa ukiitazama bila sauti, maana sauti za familia ndizo zinazotuambia tuone nini. Lakini pata ridhaa ya mwenye mamlaka juu yake, irekodiwe akiwa amesitirika, na ifutwe kazi ikiisha. Ile yetu ya kwanza isingepaswa kufika kwenye kundi la ukoo.

Ukishajua

Kinachompa raha usimpe kutwa nzima. Dakika 10 hadi 20, kisha kiondoke akiwa bado anakitaka, kikizoeleka kitakufa. Kisichomgusa kiweke kando mwezi mmoja, ukijaribu tena saa nyingine ya siku. Kinachomkera kiandikwe kwa herufi kubwa ili mgeni asikirudishe kwa mapenzi. Rudia kipimo kila baada ya wiki sita hivi, na mapema zaidi kama ameugua, amelazwa au amebadilishiwa dawa, kwa maana ugonjwa unasogea na alichokipenda Mei huenda Agosti kisimfikie.

Halafu toa yote kwenye daftari, uyaweke kwenye karatasi moja ukutani karibu na kitanda, fupi, ambayo hata msichana wa kazi aliyeanza leo ataisoma akiwa amesimama. Ya bibi ilisomeka hivi:

Muite Bi Mkubwa. Njoo kwa mbele, usimwite kutoka mlangoni.
Ukili uliolowa: saa 4 asubuhi, mkono wa kulia, subiri. Gumba likisimama, uondoe.
Mafuta ya nazi, kifundo hadi kiwiko, polepole: ndiyo.
Redio: hapana baada ya alasiri.
Kikuba: HAPANA.
Shangazi: ndiyo. Akae karibu, aanze na shikamoo.